Mbwa Ajikunaye: Atazamwe Hujikuna Wapi

Njia itokayo Voi kwenda Taveta hupita Mwatate, Bura na Maktau, kisha huingia katika nchi tambarare ya vichaka na vumbi jekundu, hata kilima cha Salaita kionekane. Kilima chenyewe si kirefu, lakini jina lake limeandikwa katika vitabu vya vita, maana hapo ndipo askari wa Waingereza na wa Afrika Kusini walipopigwa na majeshi ya Wajerumani tarehe 12 Februari, 1916. Mwezi uliofuata Wajerumani walikiacha, na vita vikaendelea mbele. Na katika mwendo wa vita hivyo farasi na nyumbu waliokufa kwa maradhi na kwa kuumwa na mbung'o walihesabiwa kwa maelfu. Tangu zamani, basi, hiyo ni nchi ambayo mdudu mdogo aweza kumshinda mnyama mkubwa.

Leo watu wa pande hizo hufuga mbuzi na ng'ombe, hulima wapatapo mvua, na jirani zao ni wanyama wa mbuga ya Tsavo. Katika mji wenye zizi mbwa si pambo. Yeye ndiye hubweka fisi anapolizunguka boma usiku, na mchana ndiye huwafukuza nyani shambani. Mlinzi huyo akishinda kutwa anajikuna, na usiku akawa analamba miguu yake badala ya kutega masikio, mwenye mbuzi amekwisha kupata hasara kabla fisi hajafika. Hata hivyo, mara nyingi hakuna amtazamaye. Husemwa tu, "Ana upele," na mtoto hutumwa gereji kuomba mafuta machafu ya motokaa ili mbwa apakwe.

Huko kutibu kabla ya kutazama ndiko kunakoleta madhara. Mambo yanayomwasha mbwa ni mengi, na dawa ya hili siyo dawa ya lile. Mbwa hana kinywa cha kusema, lakini mahali anapojikuna, umri wake, na kama wenziwe na watu wa nyumbani wanawashwa pia, hayo ndiyo maneno yake.

MGONGONI NA PENYE SHINA LA MKIA

Mbwa agugunaye shina la mkia, kiuno na mapaja ya nyuma, huyo kwanza adhaniwe kuwa ana viroboto. Viroboto wenyewe si rahisi kuonekana, kwa kuwa hukimbia kati ya manyoya. Mwenye kutaka hakika na atwae kitana, amchane mbwa juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Zikianguka chembe nyeusi, na kando yake karatasi ikaingia wekundu, hizo si vumbi. Ni mavi ya kiroboto, na wekundu ule ni damu ya mbwa mwenyewe.

Jambo wasilolifikiri watu wengi ni kwamba viroboto walio juu ya mbwa ni wachache kuliko wale wasiomkalia. Mayai hudondoka mahali alalapo mbwa, na hutoka mabuu membamba kama nyuzi, yakaishi katika vumbi na nyufa za sakafu. Kisha kila buu hujifungia ndani ya kifuko chake, na humo aweza kungoja kwa miezi hata asikie mtikiso wa hatua. Ndiyo sababu mtu akirudi katika nyumba iliyohamwa zamani huweza kurukiwa miguuni siku ile ile, ingawa hapakuwa na mbwa wala paka. Basi mwenye kumwogesha mbwa kwa dawa akaacha gunia lake la kulalia lile lile, juma la pili huanza kazi upya. Gunia lichemshwe au lichomwe moto, pembe za kibanda zifagiwe sana, na takataka zitupwe mbali.

Wako mbwa ambao miili yao hushindwa kuyavumilia mate ya kiroboto. Hali hiyo waganga huiita mzio, na mbwa wa namna hii kiroboto mmoja au wawili wamtosha kujikuna hata ngozi itoke damu. Mwenyewe akimtazama haoni mdudu, akasema viroboto hawapo. Tena kiroboto hubeba buu la tegu. Mbwa anapojiguguna humeza kiroboto, na baada ya majuma machache vipande vya tegu, mithili ya punje za mchele, huonekana katika mavi yake au katika manyoya ya sehemu ya nyuma. Hapo huanza kujilamba nyuma na kujiburura kwa matako. Mtoto mdogo akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, naye aweza kupata tegu huyo.

UPELE WA KWELI

Upele wa kweli ni jambo jingine kabisa. Huletwa na wadudu wadogo mno, jamii ya utitiri, wasioonekana ila kwa darubini. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Huanza aghalabu kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino vya nyuma na tumboni, mahali penye manyoya machache. Ngozi hutoka magaga, kisha hukunjamana na kunuka. Mwasho wake ni mkali kuliko karibu yote mengine. Kuna jaribio dogo ambalo waganga wa wanyama hulitumia: hushika ncha ya sikio la mbwa na kuisugua kwa vidole, na mbwa mwenye upele huu mara nyingi huanza kupiga mguu wa nyuma kana kwamba anajikuna mwenyewe. Jaribio hilo halikati shauri, lakini hutia shaka ya kutosha.

Ushahidi mwingine hutoka kwa watu. Upele wa mbwa huweza kumpata mtu amshikaye, ukamtoa vipele vyenye kuwasha mikononi na tumboni. Wadudu hao hawakai sana katika ngozi ya binadamu, na mbwa akitibiwa aghalabu vipele vya mtu hukoma vyenyewe. Mbwa mmoja tu akipakwa dawa katika mji wenye mbwa watatu, kazi yote ni bure, maana hupeana. Wala dawa ya siku moja haitoshi: tangu yai hata mdudu mzima ni kama majuma matatu, kwa hiyo wale waliokuwa mayai siku ya kwanza huendeleza ukoo wao. Upele huu haukomei kwa mbwa, maana katika Masai Mara umeonekana hata kwa duma.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa dawa ya kale. Madini ya manjano yaliyouzwa madukani tangu zamani huitwa kibiriti upele, na jina hilo halikutolewa ovyo, kwa kuwa kibiriti kikisagwa na kuchanganywa na mafuta kweli huwaua wadudu wa upele. Kinanuka, na kazi yake ni ya polepole, lakini wazee hawakukosea.

Usichanganywe upele huo na ule wa watoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa wa miezi michache aweza kutoka mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomoni na kwenye miguu ya mbele, na pengine hajikuni hata kidogo. Hao ni utitiri wa namna nyingine, ambao hutoka kwa mama siku za kwanza za kunyonya. Hawampati mtu, na watoto wengi wenye mabaka machache hupona wakipata chakula kizuri na kutolewa minyoo. Yakienea mwili mzima ndipo panapohitajiwa mganga. Ni makosa kumtupa mtoto wa mbwa kwa ajili ya mabaka mawili, kama inavyofanyika mara nyingi. Mabaka ya mviringo kama sarafu, yenye kingo za magaga, huenda yakawa choa. Na choa huwapata watoto wa watu pia.

Mbwa atikisaye kichwa na kukuna sikio moja au yote mawili atazamwe ndani. Kama mna uchafu mweusi mfano wa unga wa kahawa, ni utitiri wa masikio. Asichokonolewe kwa kijiti.

MIGUUNI

Kujilamba kidogo ni tabia ya kila mbwa. Kunakotia shaka ni kule kusikokoma, hata manyoya yakabadilika rangi. Mbwa mweupe alambaye miguu yake mno hugeuka mwekundu wa kutu vidoleni, kwa sababu mate ya mbwa yana rangi ambayo hubaki. Mwenyewe huweza kudhani ni udongo wa Salaita. Akaoshwe kwa sabuni, na wekundu ukibaki, si udongo.

Swali la kwanza ni hili: analamba mguu mmoja au yote minne? Akilamba mmoja, mara nyingi pana kitu. Nchi ya migunga ni nchi ya miiba, na mbegu za nyasi zenye ncha huingia kati ya vidole na kuendelea ndani ya nyama, pasibaki nje ila tundu dogo litokalo maji. Mguu uoshwe, vidole vitenganishwe kimoja kimoja penye mwanga. Kupe nao hupenda kujificha hapo hapo, na ndani ya masikio. Kupe hushikwa karibu kabisa na ngozi kwa kibano na kuvutwa moja kwa moja bila kupindwa. Asichomwe moto wala asimwagiwe mafuta ya taa, na asipondwe kwa vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa aweza kukaa katika nyufa za ukuta wa nyumba, kama kiroboto akaavyo sakafuni. Yeye ndiye huleta homa ambayo ilielezwa mara ya kwanza na wataalamu huko Algeria mwaka 1935, na ambayo hapa Kenya ilipata kuitwa ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu, kwa vile mbwa hukonda, ufizi hupauka, na wengine hutoka damu puani. Mbwa anayelamba kupe leo aweza kuwa mgonjwa wa homa hiyo mwezi ujao.

Mguu mmoja waweza pia kulambwa kwa sababu unauma ndani: mfupa uliovunjika zamani, au kiungo cha mbwa mzee. Na mbwa afungwaye kamba fupi kutwa kucha, asione mtu wala mbwa mwenziwe, huweza kulamba mkono wake wa mbele mahali pamoja mpaka patoke kidonda kigumu kisichopona. Huyo dawa yake ya kwanza ni kufunguliwa.

Akilamba miguu yote, shaka ni nyingine. Penye vumbi kavu la kibanda, funza hawako mbali. Mdudu huyu hakuwa mwenyeji wa Afrika. Alikuja kutoka Amerika ya Kusini pamoja na mchanga uliotiwa merikebuni kuwa uzito, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872. Akafuata njia za misafara, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki. Funza jike huingia penye ngozi ya wayo, akavimba hata kufikia punje ya mbaazi, na kumwaga mayai yake chini. Watu hujitahidi kuwatoa watoto wao funza kila jioni, na mbwa alalaye mlangoni mwa nyumba hiyo hiyo huachwa akimwaga mayai usiku kucha. Kisha hushangaa kwa nini hawaishi. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku, na mbwa apelekwe kutibiwa siku moja na watoto.

Penye unyevu, kama katika mashamba ya migomba ya Taveta yapatayo maji ya mifereji, ardhi iliyochafuliwa na mavi ya mbwa hubeba mabuu ya minyoo ya safura, nayo huingia kwa ngozi ya miguu na tumbo na kuiwasha. Watoto wachezao pekupeku hapo huweza kuingiwa nayo, ikachora njia nyekundu chini ya ngozi. Mbwa wa pande za mkonge naye, akitafuna au kukanyaga majani yaliyopondwa, aweza kuwashwa na utomvu wake, kama wajuavyo wakata mkonge wenyewe. Na akitokewa na uvimbe kama jipu wenye tundu katikati, na ndani ya tundu kitu kikajongea, huyo ameingiwa na buu la nzi atagaye katika mchanga wenye harufu ya mkojo.

Yote haya yakitazamwa na yasionekane, ndipo hufikiriwa mzio wa vumbi, wa chavua za majani au wa chakula. Huwashwa miguu, kwapa, tumbo na uso, na aghalabu huanza mbwa akiwa na umri wa miezi sita hata miaka mitatu. Kwa mbwa wa kijijini shaka hii iwe ya mwisho na siyo ya kwanza, kwa sababu viroboto na upele ni wengi kupita kiasi.

MAFUTA YA GEREJI NA SINDANO YA NG'OMBE

Mafuta machafu ya motokaa yana sumu, na kila kitu apakwacho mbwa hukilamba. Kwa hiyo mtu ampakaye mafuta hayo ni sawa na kumnywesha. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Maji ya betri ni ukatili mtupu. Dawa za josho zimekadiriwa kwa ngozi ya ng'ombe, na kila moja ina kipimo chake. Yafaa mtu asome karatasi yake au asomewe. Tena dawa nyingine za viroboto zisizomdhuru mbwa humuua paka, basi mwenye wanyama hao wawili na aulize kabla ya kununua.

Siku hizi wengi hutumia ivamektini, dawa iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Japani, na ambayo kwa ajili yake Satoshi Omura na William Campbell walipewa nishani ya Nobel mwaka 2015. Ni dawa njema sana kwa upele. Lakini sindano iuzwayo kwa ajili ya ng'ombe ni kali, kwa kuwa mililita 1 imekadiriwa kilo 50 za uzito, na mbwa wengi wa vijijini hawafiki nusu ya kilo hizo. Mtu apimaye kwa macho ameua. Na mbwa wenye damu ya wale wachunga kondoo wa Uskoti huweza kuzaliwa na kasoro inayoiacha dawa hiyo kuingia katika ubongo, wakaanguka na kufa. Viko pia vidonge vya siku hizi vinavyoua viroboto, kupe na utitiri pamoja, na baadhi yake kimoja hudumu karibu miezi mitatu. Bei yake si ndogo, ila mwenye kuhesabu thamani ya mbuzi mmoja huenda asiione kubwa.

KUJILAMBA KUNAKOTISHA

Liko jambo moja lisiloweza kungoja kitana wala karatasi nyeupe. Mbwa aliyeumwa na mbwa mwingine, au na mbweha au fisi, kidonda kikapona, kisha baada ya majuma au miezi akaanza kulamba na kuguguna pale pale penye kovu, na tabia yake ikabadilika, huyo huenda ana kichaa. Mpole akawa mkali, au mkali akajificha gizani. Sauti hukwaruza, mate humwagika, taya la chini hulegea. Hapo ndipo watu wema huangamia, kwa kuwa humwona hawezi kumeza, wakadhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kinywani. Mate yale ndiyo yenye ugonjwa, na huingia hata penye mchubuko mdogo.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa pande za Nairobi, na hakijaondoka. Ulimwenguni kote hukadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kwacho kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Dalili zikimtokea mtu, karibu hakuna kupona. Kabla ya dalili, kinga ipo, tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister huko Paris tarehe 6 Julai, 1885. Aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshwe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo wa mwiba. Mbwa aliyeuma, akishikika pasipo hatari, afungwe na kutazamwa siku 10, na ofisi ya mifugo iarifiwe. Kumuua na kumtupa porini ni kuutupa ushahidi, na katika nchi inayopakana na mbuga, ni kuwalisha mbweha.

Serikali ya Kenya ilitoa mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa. Wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na mwenye mbwa wa Salaita hana budi kuulizia siku ya chanjo katika ofisi ya Taveta au ya Voi. Siku hiyo mbwa huja amefungwa kamba, na kinywa chake kimefungwa kitambaa. Basi baada ya sindano, mganga wa mifugo aombwe pia kumtazama masikio, shina la mkia na kati ya vidole, kabla kamba haijafunguliwa.